Mzamiaji wa Kirumba na Taa wa Mafia

Miaka kumi na tisa nimezama Ziwa Viktoria na mtungi wa hewa mgongoni, na ukiniuliza nimeona nini huko chini nitakujibu hamna. Watu hawaamini. Wananisimamisha pale Kirumba karibu na uwanja wa mpira, "Mzee Elias, hebu tuambie, chini kukoje?" Chini kukoje. Chini ni giza, bwana. Ukinyoosha mkono huvioni vidole vyako mwenyewe. Ziwa letu pale ufukweni ni tope, na tangu magugumaji yaingie limekuwa tope lenye kivuli juu yake.

Kazi nilianzia kwenye karakana ya shirika moja la umma, tukihudumia meli. Aliyenifundisha, marehemu Mhoja, siku ya kwanza kabisa aliniambia nifumbe macho. Nikadhani ananitania. Akasema kwenye maji ya namna hii macho kazi yake ni kukupa kizunguzungu tu. Ukiyafumbua unaanza kuona vitu ambavyo havipo, unaingiwa na woga, unapumua ovyo, hewa inaisha. Akasema fumba, tumia vidole. Nikafumba. Pangaboi, vali, ufa kwenye bati la meli, vyote hivyo navijua kwa vidole, na nilikuwa hodari, wala sijisifu.

Tatizo ni kwamba mazoea yalinifuata mpaka nyumbani. Nikitengeneza jiko la mafuta ya taa, nafumba macho. Nikitafuta ufunguo mfukoni, nafumba. Na mke wangu Tereza akianza kunisema, hapo ndio nafumba kabisa. Ataniambia, "Baba Gladness, fumbua macho. Unaongea na mimi, huongei na bomba."

Anasema bomba kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya pili. Mwaka tisini na tatu shirika lilipunguza watu. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakisema, kupunguzwa, kana kwamba sisi ni nywele. Karakana ikafungwa, vifaa vikawekwa kwenye orodha ya kuuzwa, na mimi nikachukuliwa na kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Wawekezaji walikuwa wamejaa Mwanza siku hizo. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa, tunakaanga tunakula tunamshukuru Mungu. Kiwanda kilikuwa kinavuta maji ziwani kwa bomba nene, na mdomo wa bomba ulikuwa unaziba kila wiki. Natumwa mimi. Nashuka, nafumba macho, nachomoa magugu, mifuko ya plastiki, na kila takataka ambayo mji wa Mwanza umeona haina faida tena.

Nikirudi nyumbani Tereza alikuwa ananiuliza, miaka yote, swali moja tu. "Leo umeona nini?"

"Tope."

"Mwanaume mzima unashinda chini ya maji unarudi na tope." Alikuwa anacheka, lakini mimi iliniuma. Nilikuwa nafanya kazi ambayo watu wanailipia nauli ya ndege kuifanya, na sijawahi kuona hata samaki mmoja akiwa hai ndani ya maji.

Sasa, mwaka tisini na tano nilikwenda Mirongo dukani kwa Liaqat, yule wa vipuri vya injini za boti, kutafuta mpira wa kuzuia maji. Ukutani alikuwa amebandika kalenda. Kwenye kalenda kuna mnyama wa baharini mkubwa, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, ana mabawa, na chini yake mtu amezama anamtazama juu yake, mdogo kama panzi. Nilisimama pale mpaka Liaqat akaniuliza kama naumwa.

"Huyo anaitwa taa," alisema. "Samaki. Yuko Mafia. Mpwa wangu Danish amefungua kambi ya watalii kule, wanazama kumwona."

Liaqat alinichania lile karatasi akanipa. Tereza akalibandika sebuleni. Na mimi nikawa mtu mwenye shida, kwa sababu kila nikikaa kula, yule mzamiaji wa kwenye picha ananionyesha kitu ambacho ningekuwa nakiona mimi.

Miezi haikupita mingi, Danish mwenyewe akaja Mwanza. Kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, ana haraka. Alikuwa amenunua mnadani ile kompresa ya karakana yetu ya zamani, mashine ya kujazia mitungi hewa, na hakuna mtu aliyeweza kuiwasha. Liaqat akanileta. Nikaiwasha mbele yao, nikiwa nimefumba macho, na Danish akacheka sana. Akasema, "Mzee Elias, twende wote Mafia. Uifunge kule, halafu uzame na wageni mara moja nikuone. Ukinifaa, unabaki. Nataka mtu wa kutembea nyuma ya wageni chini ya maji, mtu mzima, asiye na papara. Familia unaileta, nyumba ipo."

Nyie, nilirudi Kirumba nikiwa sijui nakanyaga wapi. Nilitaka ile kazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilitaka zaidi kumwona yule samaki. Nilimwambia Tereza vyote viwili. Alikwenda Mwaloni kwenye soko la samaki, ambako alikuwa na meza yake ya dagaa tangu Gladness wetu yuko mgongoni, na sasa Gladness ni mwalimu Magu. Meza nzuri, ya mwanzo kabisa ukiingia. Akampa Ng'washi, mwenzake.

"Umeshampa?" niliuliza. "Mbona mapema hivyo?"

"Si tunahama? Au wewe unakwenda kujaribu tu?"

"Tunahama," nilisema. Nilikuwa nimefumba macho, nakumbuka.

Treni, Dar es Salaam, boti, kichefuchefu. Sitaki kuisimulia safari. Mafia nilifunga kompresa siku tatu, kwa sababu mafundi walioichukua walikuwa wameilaza ubavu na mafuta yameingia kusikotakiwa. Kila siku wageni wanatoka kuzama, wanarudi wanang'aa nyuso, wanaongea kwa mikono, wanapanua mabawa hewani. Mimi niko bandani na spana. Danish ananiambia, "Kesho, Mzee. Hao taa wana msimu, lakini bado wapo." Nilikuwa nasaga meno. Siku ya nne kompresa ikaimba vizuri, akanipa miwani mipya ya kuzamia na mapezi.

Wageni walikuwa wawili, bwana na bibi, Wajerumani. Bwana alikuwa na kamera ndani ya sanduku la kioo. Danish alinieleza kwenye boti, polepole, na sina kisingizio kwamba sikuelewa. Kuna mwamba mmoja chini, mita kumi na tano, ambapo taa wanakuja wenyewe. Wanasimama pale juu na visamaki vidogo vinawaosha wadudu mwilini. Sisi tunakaa pembeni ya mwamba, tunatulia, tunashika kamba ili mkondo usituchukue. Danish mbele, bwana na kamera yake katikati, bibi na mimi nyuma.

"Mzee, kazi yako ni huyu mama," alisema. "Kamba itajishikilia yenyewe. Wewe macho kwa mama tu. Ni mgeni kidogo, akifurahi anajisahau."

Nikasema sawa.

Tukashuka. Na hapa naomba mniamini, maana baadaye nimesema uongo mwingi. Niliona miguu yangu. Miaka kumi na tisa, na ndiyo mara ya kwanza naiona miguu yangu ndani ya maji, mapezi ya njano yanapiga chini yangu, na chini ya mapezi kuna mchanga mweupe, na kivuli changu kiko juu ya mchanga. Nilicheka mpaka maji yakaingia kwenye miwani. Matumbawe ya rangi ambazo nilizoea kuziona kwenye kanga tu. Samaki wananipita hawana habari na mimi. Nikawaza, kumbe vitu vyote hivi vilikuwepo wakati mimi nachomoa mifuko kwenye bomba. Nikapata hasira, pale pale kwenye raha.

Tukafika kwenye mwamba, tukashika kamba. Tukakaa. Dakika tano, kumi. Hamna kitu. Bibi yuko mbele yangu umbali wa mkono mmoja, anaangalia huku na huku. Mkondo ukaongezeka. Nikasikia kamba inalegea mkononi.

Fundo lilikuwa limeteleza kwenye pete ya chuma iliyofungwa mwambani. Fundo la ovyo, la mtu asiyefundishwa. Danish alisema kamba itajishikilia yenyewe, lakini mimi ndiyo maisha yangu hayo, siwezi kushika kamba inayolegea nikakaa naiangalia. Nikaingiza mkono chini ya ule mwamba, nikaipata pete, nikalipata fundo. Na macho yakajifumba. Sikuyafumba mimi. Vidole viliposhika chuma, macho yakajifumba yenyewe, kama yalivyofanya kila siku tangu siku ile ya Mhoja.

Nikalifungua fundo, nikalifunga upya. Nikafunga jingine juu yake. Nikiwa humo gizani kwangu, kope zikawa nyeusi zaidi. Nikadhani wingu limepita kwenye jua. Halafu maji yakanisukuma kwa juu, yote kwa pamoja, taratibu, mgongo mzima. Nikadhani ni boti. Nikamalizia fundo langu vizuri, nikalivuta mara mbili kuhakikisha.

Nilipofumbua macho, yule bwana alikuwa ameshusha kamera na anapiga makofi ndani ya maji. Mbele yetu, mbali, kitu cheusi kikubwa kilikuwa kinamalizikia kwenye bluu. Niliona mkia. Mwembamba kama waya wa kuanikia nguo. Halafu hata huo haukuwepo.

Na bibi hakuwepo.

Alikuwa amemfuata. Aliachia kamba kwa furaha, akaogelea nyuma ya taa, na pale mwamba unapoisha bahari inashuka kama ukuta. Danish ndiye aliyemwona. Alinipita kasi, akaenda kumshika mtungi, akampandisha polepole akimwonyesha ishara ya kupumua. Hakuumia. Juu kwenye boti alikuwa anacheka na kulia, anamkumbatia kila mtu, mpaka mimi. Danish hakucheka. Alisubiri tufike ufukweni, wageni wakaenda kula.

"Ulikuwa unafanya nini, Mzee?"

"Fundo lilikuwa linaachia."

"Fundo lingeachia tungeshika mwamba. Nilikwambia mama." Alikuwa anaongea kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Bora angenitukana. "Amepita juu yako karibu akuguse, huyo taa. Umemwona lakini?"

"Nimemwona," nilisema.

Basi uongo ukaanzia pale. Nilimwomba anipe siku moja nyingine. Nikamwambia mara moja tu, hata nisiwe na mgeni, nizame mwenyewe nikae pale pale. Alisema upepo unageuka, na kweli uligeuka, boti hazikutoka siku mbili. Siku ya tatu alinipa mkono. "Kompresa imekaa sawa kabisa, Mzee Elias. Nashukuru sana. Nitakukumbuka." Mtu akikwambia atakukumbuka, ujue ndio basi.

Ndani ya treni nilikuwa na siku mbili nzima za kutengeneza maneno. Nilijisemea nitamwambia Tereza ukweli. Tulipopita Tabora bado nilikuwa najisemea hivyo. Nilipofika nyumbani nikamkuta amefunga vyombo vya kabatini kwenye magazeti, sahani kwa sahani, tayari kwa kuhama.

"Kazi nimeikataa," nilisema.

Akasimama na gazeti mkononi. "Umeikataa?"

"Mshahara wa dharau. Mtu mzima kama mimi, eti anipe hela ya kijana wa kufagia. Nimemwambia Danish, mimi nina heshima yangu Mwanza."

Tereza alilikunja lile gazeti. Halafu akasema, "Umefanya vizuri. Wasituone wajinga." Akaanza kufungua sahani. Nyie, ningependa anipige na mojawapo. Baadaye, akiwa amenipa mgongo, akauliza, "Na yule samaki?"

Hapo sasa nikafunguka. Nilimpa taa mzima mzima. Nikamwambia nilikuwa namlinda mama mmoja wa Kijerumani, taa akaja akitokea kushoto, mabawa yanapanda na kushuka, akasimama mbele yangu, akanitazama jicho kwa jicho, kama anayetaka kunisalimia. Tereza alikuwa ameweka mikono mashavuni. Hajawahi kunisikiliza hivyo. Asubuhi yake akamsimulia Kashindye, jirani yetu, fundi nyavu, na Kashindye akanifanya niwasimulie wenzake wote kibarazani. Kila nikisimulia yule samaki anakua. Kashindye akanibatiza jina, Mkwe wa Taa. Nikipita anapanua mikono. Mimi nacheka nao.

Kiwanda kilinirudisha kwenye bomba. Tereza alikwenda kuomba meza yake Mwaloni, Ng'washi akamwambia dada yangu, nimeshazoeleka na wateja, nisamehe. Akawa anauza dagaa chini, mwisho wa soko, kwenye turubai, karibu na wanapomwaga maji machafu. Hakunilaumu. Alipokuwa akiulizwa alijibu, "Mume wangu aliona tusidharaulike."

Miezi miwili hivi ikapita. Jumamosi moja nimetoka kwenye bomba, nimekaa sebuleni nakunywa chai, Tereza akaingia na bahasha ngumu ya kaki. Alikuwa amepita Mirongo, Liaqat akampa; imekuja kwa sanduku lake la posta, kutoka Ujerumani, anwani lazima Danish ndiye aliyewapa, jina langu juu.

"Sijaifungua," alisema. "Nimekimbia nayo kutoka kule. Fungua wewe."

Nilijua kabla sijaichana. Nikaichana hivyo hivyo, ningefanyaje. Ilikuwa picha kubwa, ya rangi. Tereza akaninyang'anya. Akacheka kwa sauti, kwa kweli kabisa, akapiga paja. "Kumbe kweli. Mungu wangu, Baba Gladness, kumbe kweli. Mimi nilikuwa nakupunguzia kidogo moyoni, nisamehe." Akaenda kubandua lile karatasi la kalenda. Akaibandika picha pale ukutani, akaikandamiza kwa kiganja, akarudi nyuma kuipima kama imenyooka. Halafu akasema ngoja, akaenda kuchukua miwani yake.

Mimi nilikuwa naangalia chai.

Taa alikuwa amejaa picha nzima, tumbo jeupe, mabawa yametandazwa. Mimi niko chini yake, amenifunika. Mkono mmoja umeingia chini ya mwamba. Maji yalikuwa safi sana siku ile, na kamera ilikuwa nzuri. Unaona mpaka nyusi zangu nyuma ya kioo cha miwani.

"Baba Gladness," alisema Tereza. "Mbona umefumba macho?"

"Jua lile."

"Jua, na amekufunika?"

Akasogea karibu zaidi na picha. "Na huyu huku nyuma? Huyu anayekwenda zake chini? Si ndiye yule mama uliyesema ulikuwa unamlinda?"

Unaweza kuwa na hasira na picha? Mimi nilikuwa nayo. Nilimchukia yule Mjerumani na ukarimu wake, na stempu zake nzuri. Tereza alivua miwani akaikunja. Hakupandisha sauti. Alisema, "Hukukataa kazi."

Nikakisogeza kikombe cha chai.

"Nimekaa kwenye maji machafu miezi miwili nawaambia watu tusidharaulike."

"Mama Gladness, sikiliza."

"Nasikiliza."

Nikaamua, liwalo na liwe. Nikaegemea kiti, nikaanza tangu mwanzo. Nikamwambia niliona miguu yangu. Nikamwambia mapezi yalikuwa ya njano na mchanga ulikuwa mweupe, na nilitamani awepo. Nikamwambia habari ya fundo, na jinsi macho yalivyojifumba yenyewe, na mkia ambao ndio kitu pekee nilichokiona. Nikamwambia nilivyomwomba Danish, na treni, na zile sahani kwenye magazeti, kwamba kama zisingekuwa zile sahani ningesema. Na nikamwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu kibarazani kwa Kashindye: yule samaki alipopita, maji yalinilalia mgongoni taratibu, kama mtu amekuja kukufunika shuka akidhani umelala, na mimi nikadhani ni boti. Nikasema nisamehe. Nilisema mara mbili. Nilikuwa naongea taratibu, nachagua neno moja moja, kama ninavyotafuta parafujo, na nilikuwa nasubiri aniambie lile neno lake la siku zote, lile la bomba.

Hakuniambia. Nilipofumbua macho, mlango ulikuwa wazi na turubai lake halipo kwenye msumari. Sijui alisikia mpaka wapi.